Lango la Ndizi Zilizoiva

Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Mimea, tawi la Ituri, kilikuwa na kila kitu ambacho chama kinahitaji, isipokuwa mtu wa kwenda shambani. Kilikuwa na rais, makamu wawili, washauri watano na mshauri mkuu wa kuwashauri hao watano. Kilikuwa na bendera, na wimbo wa beti nne ambao wanachama waliuimba mkono kifuani, macho yamefumbwa kama watu wanaoumwa tumbo. Kilikuwa na darubini ya kutazamia vijidudu, ila ilikuwa imefungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao makamu wa pili, na makamu wa pili alikuwa amehamia Kisangani. Na kilikuwa na muhuri.

Muhuri huo ulikaa katika droo ya Régine, katibu msaidizi. Régine alikuwa na diploma ya kilimo na viatu vilivyoliwa visigino, kwa sababu katika watu thelathini na wanne wa chama kile ni yeye peke yake aliyekanyaga tope. Wakulima wakileta jani lenye madoa, ni yeye aliyelipokea. Wakitaka mtu aje kuona mihogo yao, ni yeye aliyepanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi huko. Kisha wakubwa walisoma ripoti zake mbele za watu, wakaweka majina yao juu, na Régine akapangusa viti. Kupiga kura hakuruhusiwa. Kura zilikuwa za madaktari tu, na humo ndani kila mtu alikuwa daktari. Ukimwita mmoja wao «papa», yaani baba, badala ya «daktari», anakuwekea kinyongo mwaka mzima.

Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, mkutano mkuu wa taifa uliletwa Bunia. Wajumbe wangekuja kwa ndege kutoka Kinshasa na Kisangani, wengine kutoka Butembo, na mwanachama mmoja wa tawi alikwisha kuanza safari ya moto kutoka Niania, siku mbili za kuumiza mgongo. Rais wa tawi, Profesa Fulgence, akavimba hadi kola ya shati ikamkaba. Akachapisha bango refu la kutundika barabarani: ITURI BILA MNYAUKO.

Mnyauko ni ule ugonjwa wa migomba ambao kila mkulima wa upande wetu anauogopa kuliko mwizi. Majani yanageuka njano na kulegea, mkungu unaiva kabla ya wakati wake, ukimenya ndizi unakuta ndani imeoza, rangi ya kutu. Dawa hakuna. Na unachosafiri nacho hasa ni panga: ukikata mgomba mgonjwa, halafu kwa panga hilo hilo ukakata mzima bila kulipitisha motoni, umeua wote wawili. Sasa hiyo «Ituri bila mnyauko», nani alikuwa amezunguka akahakikisha? Hakuna. Profesa aliliona neno limekaa vizuri kwenye bango, basi.

Wageni wakubwa wakija, kwetu wanapokelewa kwa migomba. Inakatwa mizima na mikungu yake, inasimikwa pande mbili za mlango, majani yanafungwa pamoja juu, na mgeni anapita chini yake akijiona mfalme. Profesa alitaka lango kama hilo mbele ya ukumbi uliokodiwa. Na alitaka mikungu iliyoiva.

«Kijani peke haina sura,» alimwambia Landry, mkuu wa itifaki. «Nataka njano! Wageni wapige foto, rangi ionekane.»

Landry huyu alikuwa daktari wa kutu ya kahawa, na mti wa kahawa aliokuwa ameukaribia kuliko yote ni ule uliochorwa kwenye kopo. Akapiga saluti, akachukua gari, vibarua watatu na panga, akaenda zake.

Jumatano alasiri Régine alitoka ukumbini na boksi la vitambulisho vya wajumbe, akalikuta lango limesimama. Hata yeye alilipenda. Mikungu minane ya kijani, mipana, mizito, na katikati yake minne ya njano iliyong'aa juani. Kisha akaona kitu kinadondoka. Kwenye shina la mmoja wa migomba yenye ndizi za njano, pale panga lilipopita, palikuwa panatoka ute mzito wa manjano, kama usaha wa jipu. Aliweka boksi chini. Akachuma ndizi moja ya njano, akaivunja. Ndani ilikuwa kutu tupu.

«Landry,» akaita. «Hizi za kuiva mulizitoa wapi?»

«Kule chini, pembeni ya kale kamuto kadogo, mu shamba ya ule muzee alihamia Mahagi.» Landry alikuwa anafunga riboni, amejaa furaha. «Prof alitaka za kuiva. Tulizunguka Bunia muzima, ndizi yote iko mubichi, ni pale tu tulikuta za kuiva. Mungu iko na siye!»

«Na hizi za mubichi?»

«Si kwa mama yako! Alifurahi kabisa. Ni yeye mwenyewe alituonyesha nane za muzuri.»

«Mulianza wapi?»

«Kule chini. Nyuma tukapanda kwa mama.»

«Na panga ngapi?»

«Moja.» Landry akacheka. «Lakini ile inakata, nakuambia!»

Régine alikaa juu ya boksi la vitambulisho. Shamba la mama yake lilikuwa mashina sitini, kwenye mteremko nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa wa Mudzipela. Mama Honorine alikuwa ametoka Mahagi na vichipukizi sita ndani ya gunia, akavipanda kabla hata ya kupata paa la kulalia, na ndizi za vichipukizi vile ndizo zilizomsomesha Régine, kidato kwa kidato, hadi hiyo diploma. Hakuwa na kitu kingine duniani. Régine alikuwa amemfundisha kuvunja lile ua la chini ya mkungu kwa kijiti chenye panda, asilikate kwa chuma. Alimfundisha kuunguza panga. Alimfundisha kutoruhusu panga la mgeni yeyote kuingia shambani. Na mama alishika yote, miaka na miaka, akamfukuza hata padri aliyekuja na panga kuomba majani ya sikukuu. Lakini hili lilikuwa panga la Chama. Panga la wataalamu wa magonjwa ya mimea angelikatalia vipi?

Bado palikuwa na nafasi. Mashina manane yaliyokatwa yakichimbuliwa yote, na watoto wake na mizizi, ndani ya siku chache, hamsini na mawili yangeweza kupona. Yakiachwa, yote yamekwenda. Régine akakimbia kwa Profesa.

Profesa Fulgence alikuwa mbele ya kioo, anafanya mazoezi ya hotuba. Alimsikiliza bila kugeuka.

«Mnyauko? Hapa Bunia? Madame Régine, bango uliisoma?»

«Niliisoma, Prof. Lakini ile ute inatoka palepale kwa lango. Kuja uone, ni hatua makumi mbili tu.»

«Miye niende kuona?» Sasa aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeombwa kufagia. «Siye tuko watu ya sayansi. Ulifanya analizi? Ulitazama na darubini?»

«Darubini iko mu kabati. Ufunguo iko Kisangani.»

«Haya, umeona! Na tena, statuti, ile katiba yetu, artikle kumi na ine: ugonjwa haiko mu jimbo mpaka mwanachama aiandike, aisome mbele ya mukutano, na mukutano ipige kura. Ajenda tulishafunga. Weka mu divers, mu yale mengineyo, siku ya mwisho.» Akarudi kwenye kioo, akanyoosha tai, kisha likamjia wazo lililomfurahisha. «Tena andikia mama yako setifika. Shamba ya mufano, haina ugonjwa hata moja. Tutamupa kesho mbele ya wageni. Atafurahi, na weye utatulia.»

Na Régine akaiandika. Hapa simtetei. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa kumi na mbili, Profesa ndiye wa kuutia saini, na yeye alikuwa amezoea kuandika anachoambiwa jinsi mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Aliandika ukurasa mzima, «kwa kuzingatia» tano na «kwa kutambua» nne, maana Profesa hakuweza kuomba hata maji ya kunywa kwa chini ya aya mbili. Akapiga muhuri. Aliona aibu, na aibu hiyo haikumzuia mkono.

Kesho yake Mama Honorine alikuja amevaa kitenge chake cha misa ya Pasaka. Alipewa cheti mbele ya watu wote, wakampigia makofi, kisha wakampeleka chini ya lango kupigwa picha akiwa katikati ya rais na makamu wa kwanza. Ute ulidondoka ukamwangukia makamu begani. Makamu, daktari wa mimea kwa miaka ishirini na miwili, alitazama juu akatafuta ndege. Alipangusa kwa kitambaa, akalaani kunguru wa Bunia, akatabasamu kwa ajili ya picha. Madaktari thelathini na watatu wa tawi na wageni wao walipita chini ya ute ule kwenda kula, wakapita tena kurudi, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Wakaingia kusikiliza somo juu ya utambuzi wa haraka wa magonjwa.

Jioni, kabla ya giza, Régine alimkuta mama yake anapigilia msumari ukutani. Cheti kilikuwa kimeshapata fremu.

«Mama, ile migomba nane walikata, lazima tuing'oe yote. Na mizizi. Panga yao ilikuwa na ugonjwa.»

Mama Honorine hakuacha kupigilia. «Nane ni zile za muzuri kupita zote.»

«Najua.»

«Nikupe jembe uzing'oe, na hazina hata jani ya njano?»

«Zikionyesha njano, itakuwa tumechelewa.»

Mama akaweka nyundo chini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa, na alipokasirika alizungumza polepole. «Régine. Karatasi inasema shamba yangu haina ugonjwa hata moja. Iko na kashe, huu muhuri ya Sosiete, chama yenu. Sosiete ni ya wenye kusomea magonjwa. Weye unasema ingine. Nisikie nani?»

«Ile karatasi ni miye niliandika, mama.»

«Basi uliandika uongo?»

Régine aliokota msumari uliokuwa umeanguka, akauweka dirishani.

«Wakati ulikuwa unaandika, haukuwa na mudomo?» akauliza mama, akatundika cheti, akakinyoosha, akaenda kupika.

Siku ya mwisho ilifika zamu ya mengineyo. Wajumbe walikuwa wameshiba, nusu yao wamelegeza mikanda, yule wa Niania anakoroma waziwazi. Régine alisimama. Aliweka juu ya meza ya mbele sahani yenye ndizi tatu zilizovunjwa, zenye kutu, na glasi ya maji yenye kipande cha shina kinachotoa nyuzi nyeupe za ute. Alisema maneno machache: mnyauko uko hapa, umo katika lango letu, panga letu limeupeleka katika shamba la mtu, na mashina manane yang'olewe leo.

Profesa Fulgence akatabasamu kama baba ambaye mtoto wake amejamba mbele ya wageni. Akaomba sahani iondolewe, maana si muda wa matunda. Halafu, ili isisemwe kwamba Chama hakina demokrasia, akaweka jambo lenyewe kwenye kura ya wanachama wa tawi: je, mnyauko upo Bunia?

Waliosema upo: hakuna. Waliosema haupo: thelathini na mmoja. Wawili hawakuwa na msimamo, na mmoja wa hao ni yule aliyekuwa amelala. Kwa hiyo ugonjwa haukuwepo. Wakasimama wakaimba beti zote nne, wakatoka kwa kupita chini ya lango.

Régine alibaki peke yake na viti. Hasira ilimpanda, na safari hii haikuwa ya Profesa, wala ya Landry na panga lake kali. Ilikuwa ya yule mwanamke aliyepiga muhuri juzi. Akafungua droo. Akachukua karatasi yenye kichwa cha Chama, akaandika mistari miwili:

Shamba la Mama Honorine limeguswa na panga lenye mnyauko. Mashina manane yaliyokatwa Jumatano yang'olewe leo na kufukiwa.

Alipiga muhuri kwa nguvu hadi meza ikatikisika. Akapanda moto, akaenda Mudzipela mchana ule ule, akampa mama karatasi kwa mkono wake.

«Sosiete imeandika,» alisema.

Mama Honorine akavaa miwani. Alisoma, akatazama muhuri, akasoma tena. Akamtazama binti yake kwa muda. Alivua miwani, akaikunja ndani ya kitenge, akaingia nyuma ya nyumba akatoka na majembe mawili.

Walichimba hadi jua likaelekea kuzama. Shina la mgomba mkubwa na watoto wake si mchezo. Mizizi inashikilia udongo kama inadai haki yake. Kwenye shina la tano mama alilia, kwa sauti, bila kuficha, kwa sababu lile lilitokana na kichipukizi cha kwanza kabisa cha lile gunia la Mahagi. Alilia huku anachimba. Walifukia yote katika shimo moja, wakawasha moto, wakapitisha panga na majembe hadi chuma kikabadilika rangi.

Wiki tano zikapita. Lango lilikwisha kuanguka lenyewe zamani na mtu wa usafi akalizoa. Shamba la chini, kando ya kijito, liligeuka njano lote, kisha jeusi. Kwa Mama Honorine palikuwa na matundu manane kwenye mteremko, na kwenye ukingo wa tundu moja mzizi uliosahaulika ulitoa kichipukizi kimoja. Kilitoka kimelegea, jani la njano. Mama alikichimbua siku hiyo hiyo na kukifukia. Hamsini na mawili yaliyobaki yalikuwa kijani.

Ndipo Chama kikaita kikao maalumu. Ajenda ilikuwa na mambo mawili. La kwanza: komunikasio, yaani taarifa ya kisayansi, ya Profesa Fulgence na Daktari Landry, «Ugunduzi wa kwanza wa mnyauko wa migomba mjini Bunia». Picha zilikuwa nzuri sana. Zilipaswa kuwa nzuri, kwa maana Régine ndiye aliyezipiga, pale langoni, kwa simu yake. Kura zikapigwa: ugonjwa upo, kwa sauti moja. Makofi. Landry akashukuru Mungu na familia yake.

La pili: nidhamu. Katibu msaidizi alikuwa ametumia muhuri kutangaza ugonjwa wiki tano kabla ya ugonjwa huo kuwepo.

«Ulifanya ao hukufanya?» akauliza Profesa.

«Nilifanya.»

«Ulijua kama mukutano ilikuwa imekataa?»

«Nilijua, Prof.»

«Uko na neno ya kuongeza?»

Régine aliwatazama mmoja mmoja, wazee wazima waliovaa tai, waliofukuza ugonjwa kwa kunyoosha mikono na sasa wameurudisha kwa kunyoosha mikono ile ile. Alikuwa ameandaa maneno makali usiku kucha. Yote akayaona ni mengi kwa watu wale. Mikono ikanyooshwa tena, ya kumfukuza, naye akaweka muhuri juu ya meza, akatoka. Nyuma yake alisikia wanaanza ubeti wa kwanza wa wimbo.

Alimkuta mama yake shambani, amesimama kando ya jembe, anavunja maua ya chini ya mikungu kwa kijiti chake.

«Wamenifukuza,» alisema. «Juu ya ile karatasi. Mama, Sosiete haikuandika kitu. Ni miye.»

«Najua.»

«Unajua tangu lini?»

«Tangu uliniletea.» Mama Honorine hakuonekana kushangaa wala kusikitika. «Ilikuwa na mistari mbili. Prof wenu, hata mbote yake, hata salamu tu, haienee mu mistari mbili.»

Régine alitaka kucheka, ikashindikana. «Sasa juu ya nini ulikubali kungoa? Uliniuliza usikie nani. Ulisikia kashe.»

«Kashe gani? Kashe ilikuwa hata kwa ile ya uongo.» Mama akatupa ua jekundu chini, akapangusa mikono. «Nilikutazama. Ile siku ya kwanza ulikuwa unaogopa watu. Siku ya pili ulikuwa unaogopea migomba. Miye nilikuzaa, nitashindwa kujua mutoto wangu anaogopa nini?»

Aliinama, akavuta panga lililokuwa limelala kwenye majani, akampa kwa upande wa mpini.

«Mukungu ile ya pale juu imekomaa, twende tukate,» alisema. «Lakini pitisha mu moto kwanza. Weye umetoka kule kwao.»